Hongera ya Uzazi

Siku hizi filamu huigizwa na watazamaji wenyewe, humo humo nyumbani. Runinga hukutazama, ikachukua uso wako, ikakupa nafasi inayoona inakufaa. Bi Mwanakheri alikwisha kuwa malkia, hata hakimu. Binti yake Tumu, mwalimu wa hesabu anayetembea kwa magongo, miaka yote alipewa nafasi mbili tu: ombaomba, au mwanamke aliyerogwa.

Jumapili hii, baada ya chakula, alipewa hiyo ya pili. Mwishoni, uchawi ulipoondolewa, Tumu wa kwenye kioo cha runinga akayatupa magongo, akakimbia huku akicheka.

Bi Mwanakheri aliruka kitini akapiga vigelegele, machozi yakimtoka. "Huyo sasa ndiye mwanangu!"

Neno likishatoka halirudi. Akageuka polepole. Tumu alikuwa ameketi palepale, magongo mapajani.

"Hongera, mama," akasema, kama mtu aliyekuja kumwona mzazi. "Umepata mtoto."

Bi Mwanakheri alitamani ardhi ipasuke immeze. Runinga ndiyo iliyosema, kwa upole: "Tumeona umefurahi. Je, Tumu akimbie katika filamu zote?"

Naye Bi Mwanakheri, Mungu amsamehe, hakukataa.