Skafu za Watu Wazima

"Wajumbe, inapendekezwa kwamba kuanzia mwezi ujao, viongozi wa kujitolea wa kundi letu la skauti watavaa skafu za bluu, si za kijani kama watoto," alisoma katibu, kwa sauti ya mtu anayetangaza vita.

"Kwa nini?" aliuliza mama aliyeketi karibu na mlango. Binti yake alizama mtoni katika kambi ya mwaka jana.

Katibu alipekua karatasi. "Pendekezo ni la kiongozi wetu, fundi cherehani. Labda ana vitambaa vya bluu vimemdodea dukani."

Wajumbe wawili walicheka. Fundi alikuwa akipapasa pindo la skafu yake ya kijani, aliyoishona mwenyewe.

"Dada," alimwambia yule mama, "siku ile kila aliyevuka mto alianika skafu yake kwenye kamba. Sikuhesabu vichwa, nilihesabu skafu. Zilikuwa ishirini na nne, nikapuliza filimbi tuondoke."

"Hayo ulishaniambia."

"Watoto walikuwa ishirini na wanne. Lakini katika zile skafu, moja ilikuwa yangu."

Mama alikitazama kitambaa kile mikononi mwa fundi, kisha filimbi iliyoning'inia kifuani.

"Kwa hiyo ulipopuliza, alikuwa bado anasikia?"

"Sijui, dada. Kila siku najiuliza hilo."

Mwenyekiti aligonga meza. Kamati iliazimia kwamba skafu ziwe za bluu, na kwamba fundi aendelee kuliongoza kundi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitolea.