Injini Iliyohama

Siku ya nane ya msiba mzee Simioni alikuwa bado hajavua katambuga zake, viatu vya tairi. Alizivaa makaburini, akalala nazo matangani. Mkewe Rose alipomwambia, "Baba Gidion, vua basi, ulale kama watu," alikaza mikanda yake. Watu wa Itiryo wakamwacha. Katambuga hizo ndicho kitu cha mwisho alicholetewa na mwanawe, Jumapili ile, kabla ya Jumatatu ya msiba. "Ngumu hizi, baba," Gidion alimwambia huku akicheka. "Utavaa mpaka wajukuu wazigombanie."

Basi alizivaa tena asubuhi hiyo, akapanda pikipiki mpaka Nyakunguru, akamalizia kwa miguu hadi kwenye duara, shimo la dhahabu alimofia kijana wake. Njiani hakulia. Tangu aletewe habari hakuwa amelia hata tone, na jambo hilo lilimtia aibu kidogo mbele ya mkewe. Kokoto lilipenya kwenye tundu la katambuga ya kushoto, likamchoma unyayo, naye hakusimama kulitoa. Angalau hapo palikuwa panauma.

Mwaka ule wa dhahabu, Nyakunguru haikukosa watu, na wakisikia kuna mtu wa kupigwa wanaongezeka. Vijana wa ukoo wake walikuwa wametangulia na fimbo, na si za kuchungia ng'ombe. Katikati yao alikaa Oduol, mwendesha winchi ya kuvuta watu na mizigo kutoka shimoni, shati limechanika begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Sikumuua, mzee. Gidion alikuwa rafiki yangu."

"Nyamaza wewe!" Matiko, mtoto wa kaka yake mzee, alifoka. "Baba mdogo, tunakungoja wewe tu. Sema neno moja."

Mzee alilijua neno hilo, na alijua Oduol asingeinuka tena likishatamkwa. Hata hilo halikumgusa. Alijisikia mtupu tu, mtupu kabisa.

"Kwanza nionyeshwe alivyokufa," alisema.

Selestine, fundi aliyeitwa kutoka Tarime mjini kuikagua mashine, alifuta mikono kwa kitambaa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kwa mfiwa alijitahidi.

"Mzee, injini ikivuta mzigo haitulii. Inataka kujipindua. Ndiyo maana inakalishwa juu ya raba, moja upande huu, moja upande ule. Raba ndizo zinaizuia isihame, ili klachi itazamane sawasawa na ngoma ya kuzungushia kamba. Sasa ona." Akaondoa gunia lililofunika kitako cha injini. "Raba hamna. Chuma juu ya chuma. Mzigo ulipozidi, injini ikahama, klachi ikakaa upande, ikaachia. Kamba yote ikarudi chini."

"Na Gidion."

"Na Gidion, mzee. Pole sana."

"Zilikatika?"

"Zingekatika ningekuta vipande. Kuna mtu alifungua nati, akazitoa, kisha akakaza tena vizuri kabisa. Pengine aliona ni takataka tu zimewekwa pale. Nimeambiwa zilikuwa za tairi la lori, zenye nyuzi ndani, kila moja na matundu mawili ya bolti."

"Na spana anayo nani?" Matiko aliuliza, kana kwamba hajui. "Si huyu hapa? Kaziuza! Kaziuza akanywe gongo, ndugu yangu akiwa shimoni!"

"Spana namwazima kila mtu," Oduol alisema. "Jumamosi hata marehemu aliichukua."

Lo! Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Fimbo ya kwanza ilimpata mgongoni, ya pili kwenye mkono aliouinua kujikinga.

"Unamsingizia maiti!"

"Hana hata haya!"

Mzee Simioni aliinua mkono. Fimbo zikasimama hewani. Watu wote wakautazama mdomo wake, na Oduol naye akautazama, damu ikimtiririka kwenye kiwiko.

"Fundi. Matundu mawili, umesema."

"Mawili, mzee. Moja huku, moja huku."

"Kokoto dogo linapita?"

Selestine alimwangalia asielewe swali hilo limetoka wapi. "Dogo linapita."

Mzee akaketi chini, pale pale kwenye udongo, mbele ya vijana wote. Akavua katambuga ya kushoto. Kokoto likaanguka. Akatoa kisu, akakata mikanda yake mmoja mmoja bila haraka, mpaka ikabaki soli peke yake. Akamnyooshea fundi.

"Jaribu hii."

"Baba mdogo, unafanya nini?" Matiko aliuliza.

Selestine alidhani msiba umempanda mzee kichwani, lakini mkono wa mfiwa haurudishwi hivi hivi. Akaipokea. Akaipangusa tope, akafungua nati, akainua mguu wa injini kwa mtaimbo, akaisukumiza soli chini yake. Bolti zote mbili zikaingia kwenye matundu bila kulazimishwa.

Mzee Simioni alikuwa ameshaanza kuvua ya kulia.