Talaka ya Mfano

Neno la kwanza alilolifuta Bi Kadija katika ile talaka lilikuwa "mpenzi". Mashine ilikuwa imelitia yenyewe, kwa adabu zake.

"Mpenzi wa nani," alisema peke yake. Akaandika upya: Ibtihal, nimekuacha. Mimi mumeo, Famau.

Mashine hiyo aliijua nje ndani. Kampuni moja ya Nairobi ilimpa kazi ya kuandika, kwa Kiswahili cha kueleweka, maelezo ya zana ya barua pepe inayowawezesha mawakala wa akili mnemba kutuma barua kwa jina la mtu. Bi Kadija hakuandika jambo asilolijaribu kwanza kwa mkono wake. Sanduku la kujaribia alikuwa nalo: la mumewe Famau, baharia wa meli za mizigo. Yeye ndiye aliyemfungulia, na neno la siri alilichagua yeye. Tangu Rajabu alikuwa ameliunganisha na zana, akaliacha katika majaribio.

"Sanduku likiwa katika majaribio," aliandika, "kila barua itokayo humo hushikwa, iwe ya wakala au ya mwenyewe. Haimfikii mtu. Aliyeituma ataona imekwenda."

Bramwel, msimamizi wake, akamjibu: "Hii safi, Bi Kadija. Hata nyanyangu ameelewa, na yeye bado anaogopa rimoti."

Lakini kilichomnyima raha Bi Kadija hakikuwa mashine. Kilikuwa kisiwa cha Ndau. Huko Famau alioa mke wa pili, Ibtihal, msichana mbichi, na Bi Kadija alilimeza hilo kwa heshima zake. Udi wa arusi aliupeleka yeye. Ndoa hii ndiyo aliyoipa ujana wake wote, na hakuwa na nia ya kuitoka. Ila mwaka huu barua za Famau zilikatika ghafla. Ramadhani ikaingia, ikatoka. Idi ikapita bila hata salamu. Hakuhitaji kuambiwa salamu zinakwenda wapi. Na kumpigia simu kumuuliza, hilo hakuliweza, angekufa kwanza.

Basi akaondoa majaribio kwa barua moja tu, ile ya talaka. Wakala akauliza, kama alivyofunzwa: Je, mwenye jina ameridhia? Bi Kadija akabonyeza ndiyo. Barua ilipokwenda, akarudisha majaribio kama yalivyokuwa, akainuka kutia udhu.

Ibtihal alikuja kwa boti ya asubuhi, mkoba mmoja mkononi, mato yamevimba.

"Dada, nimekuya kwako. Simu yake haishiki. Nimemkosea nini?"

"Kaa kwanza. Chai i hapo."

"Mwandikie wewe. Wewe akusikia. Mimi tangu Rajabu sijaona hata harufi moja yake, mara yaniyia talaka."

"Masikini," alisema Bi Kadija, na moyoni akasema: kitoto hiki kimejua kudanganya.

Akamweka chumba cha nyuma, akamfunza eda. Akamfunza ya kizuka, ya mwanamke aliyefiwa, si ya mtalaka. Msichana hakujua tofauti. Asijifukize. Asitie wanja. Asicheke na watu dirishani. Bi Kadija akaitazama hina iliyokuwa mikononi mwake, akamwambia, "Hiyo nayo ungeisugua na ndimu."

Ibtihal akaisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Bi Kadija akamletea ndimu nyingine.

Aliyeyavuruga mambo ni Bwana Wazir, babake Ibtihal. Hakulia wala hakugomba. Aliichukua barua akaenda nayo kwa kadhi, na kadhi akasema maandishi peke yake hayamtoshi. Mwenyewe lazima aulizwe: aliandika, na aliandika kwa kukusudia? Meli ikitia nanga, atapigiwa.

Hilo Bi Kadija hakulifikiri. Katika maelezo yake, idhini ya mtu ilikuwa ni kubonyeza tu.

Siku ya kupigwa simu alikwenda kwa kadhi, maana kutokwenda kungeonekana. Ibtihal alimshika buibui njia nzima. Ofisini simu iliwekwa juu ya meza, sauti ikafunguliwa. Bi Kadija akawa anavuta tasbihi ndani ya buibui. Famau akikana, swali litakalofuata ni nani mwingine ajuaye neno la siri. Na hapakuwa na mwingine.

"Bwana Famau," kadhi alisema baada ya salamu, "nataka kweli mbele ya Mungu. Barua ya talaka ya mkeo uliiandika wewe?"

Simu ikakwaruza.

"Niliiandika, Shehe."

"Kwa kukusudia?"

"Kwa kukusudia. Sikulazimishwa na mtu."

Ibtihal akajikunja pale pale alipokaa. Babake akageuza uso ukutani. Bi Kadija akamvuta msichana kifuani, akampapasa kichwa, na pumzi aliyokuwa ameizuia ikamtoka polepole, tamu. Hakujua kwa nini Famau amesema vile, wala hakutaka kujua. Mungu humfungulia amtakaye.

"Subiri, mwanangu," alimnong'oneza. "Ndiyo kadari."

"Basi ufahamu," kadhi akaiambia simu, "kwamba mkeo yuko hapa mbele yangu, na hali yake si nzuri."

"Kadija?" Famau alishangaa. "Lakini nilimwandikia tangu Rajabu, Shehe, na hakujibu neno, nikajua ameridhika. Eda yake si imeshakwisha?"