Nyumba Yenye Kengele

Modesti alirudi kutoka vitani Uganda akiwa mzima, mikono yake miwili, miguu yake miwili, na mama yake hakupiga kigelegele.

Wanawake wa Kizwite walisubiri. Kigelegele cha kwanza ni cha mzazi, wengine hupokea tu. Bertilla alimshika mwanawe uso, akamtazama sana, kisha akasema, "Ingia ndani, upepo huu." Mwishowe mdogo wa Bertilla, Cornelia, ndiye aliyepiga, nacho kilitoka chembamba kama cha kuazima.

"Furaha imemzidi," watu wakasema.

Pombe ya ulezi ilikuwa tayari. Aliipika Cornelia. Bertilla, ambaye pombe yake ilisifiwa mpaka Milepa, mara hii hakugusa hata mwiko. Alikaa karibu na moto, kilemba amekifunga mpaka kwenye nyusi, na jasho likimtoka hakukilegeza.

Balozi wa nyumba kumi, mzee Fanueli, mtu wa Mbeya asiyekosa neno, alipokea kata ya kwanza.

"Ninyi Wafipa mmetutia hasara bure," akasema. "Ng'ombe tumechanga, sukari hakuna, sabuni hakuna. Si mngempelekea nduli wa Uganda ile radi yenu ya kichawi, moja tu, vita ikaisha asubuhi?"

Watu wakacheka. Modesti naye akacheka.

"Radi tulimpelekea, balozi. Mpelekaji ni mimi."

Alikuwa mpiga mzinga. Akaanza kusimulia, na watoto wakasogea.

"Yule mtu alikuwa anachinja watu wake kama kuku. Tulipoingia mjini, wazee walitupigia magoti barabarani. Kina mama walitupatia ndizi, wakatukumbatia na uchafu wetu. Mama, mtu akikushukuru vile, unajua hukwenda bure."

"Hukwenda bure," Bertilla akasema. "Na kabla hamjaingia?"

"Kabla ya kuingia tulipiga mizinga kutoka mlimani."

"Mji gani huo?"

Modesti akautaja.

"Mji gani?"

Akautaja tena kwa sauti, akidhani masikio ya mama yameanza kuzeeka.

"Kulikuwa na nyumba moja ndefu pembeni," akaendelea. "Ina kengele juu ya mlango, na misaipresi miwili mbele, huku na huku. Tukasikia askari wa nduli wamejificha humo. Kamanda wetu hakuwa mtu wa pupa, hakutaka raia waumie. Akatuuliza, nani anajua ile ni nyumba ya nini? Sasa utajuaje, nchi ya watu? Akauliza tena. Kila mtu kimya. Basi, nikapiga."

"Ikawaje?"

"Kengele ililia mara moja, ikianguka." Modesti akaitazama kata yake. "Tulipofika, askari hatukuwakuta."

Hakuna aliyeuliza walimkuta nani. Balozi akakohoa, akasema vita ni vita, na nduli si ameondoka? Watu wakaitikia kwamba ameondoka, tena aende kabisa. Bertilla naye aliitikia.

Baadaye Modesti akafungua begi lake la kijeshi, akatoa kitenge cha huko, kizito, chenye maua ya zambarau.

"Hiki cha Dominika. Najua watawa hawavai, lakini atafunikia meza. Mdogo wangu bado yuko Karema na masista wenzake?"

"Huwa wanahamishwa," Bertilla akasema.

"Nilitaka nimpe kwa mkono wangu. Ila kesho naondoka."

"Kesho? Si vita imekwisha?"

"Imekwisha, mama. Lakini wenyeji wametoka mikononi mwa nduli, sasa wameanza kunyang'anyana wao kwa wao. Bunduki kila mahali. Tunabaki kuwalinda mpaka watulie."

"Mtamlinda nani asipigwe na nani?"

Modesti akacheka kidogo, kisha akaacha. "Hilo hata sisi bado hatulijui. Nibariki tu, mama. Tangu nimefika unanitazama kama mgeni."

Akapiga magoti mbele ya kigoda chake, mwanamume mzima na buti zake. Bertilla akainua mkono. Ukakaa hewani, kila mtu akiutazama. Halafu akamchora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, polepole, na kidole kikabaki pale.

"Nenda, baba," akasema. "Urudi."

Modesti akainuka na uso uliotulia, akatoka na balozi kwenda kuwaamkia wazee.

Cornelia akafunga mlango.

"Mwambie, dada."

"Aliye safarini hapelekewi habari nzito. Ndivyo tulivyolelewa."

"Ndivyo ulivyosema na mwaka jana, Dominika alipoomba kaka yake aambiwe masista wamemhamishia wapi. Ukasema aliye jeshini hatiwi wasiwasi."

Bertilla alifungua kilemba kujifuta jasho, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa chote, kama cha mzazi aliyefiwa. Akachukua kitenge, akafungua sanduku, akakilaza juu ya picha aliyoletewa na padri kabla ya mvua.

Ndani ya picha Dominika amevaa shela jeupe, anacheka, amesimama kati ya misaipresi miwili, na juu ya kichwa chake ipo kengele.