Gia ya Tatu ya Mkunga Pelagia

Ghalibu mwenyewe hakatai: siku ile mjinga alikuwa yeye, na hata ungezunguka Tabora nzima usingempata wa kumpokea mzigo huo wa ujinga.

Ilikuwa Jumamosi. Alishuka stesheni ya Igalula na kikapu mkononi. Ndani mlikuwa na shafti ya giaboksi iliyofungwa gunia, na juu yake kifurushi cha vileja vya mkewe, Zeyana, ambavyo abiria wa garimoshi waligombania kila siku.

Giaboksi ilikuwa ya BSA ya zahanati, pikipiki aliyoiacha Mwingereza alipofunga virago. Uhuru sasa ulikuwa na miaka kumi na miwili, na vipuri kutoka Uingereza vilikuwa kama mvua ya Agosti. Gia ya tatu ilikuwa imekatika meno. Msimamizi wa karakana ya ushirika alikwisha kusema: isipotembea ifikapo Jumatatu, inapakiwa kwenye lori la vyuma chakavu.

Mkunga Pelagia hakubishana naye. Alimwendea Ghalibu.

"Fundi, vijiji vyangu ni kumi na viwili. Miguu yangu ni hii miwili, na mimba hazingoji."

"Nenda kalale, dada Pelagia. Nipe gia gizani, nikuambie ni ya pikipiki gani na ya mwaka gani."

Kweli, alikuwa anajua. Namba zilizogongwa kwenye giaboksi hizo zilikwisha kuliwa na kutu, lakini yeye alihesabu meno tu. Hii ya tatu ilikuwa na ishirini na manne, wala si zaidi.

Pale Igalula, karani wa tumbaku aitwaye Anselm alikuwa na pikipiki ya Kiingereza iliyokufa. Kuku walitagia juu ya tangi. Ghalibu alilala chali kwenye mavi ya kuku saa mbili nzima, akafungua, akapangusa, akahesabu.

"Ishirini na mawili," alisema, akakaa chini.

"Yamepungua mawili tu, fundi. Huwezi kuyasamehe?" Anselm alikuwa anatafuna kileja cha tatu. "Mwambie shemeji anajua kazi yake. Vyote viko sawasawa kama vimetoka kiwandani."

"Shemeji yako hana shida ya vipuri," Ghalibu akajibu, akabeba kikapu.

Kwenda Kigwa alidandia lori la tumbaku, likaharibika, akamalizia kwa miguu. Babu yake, Mwarabu, aliingia Tabora kwa njia hiyo hiyo ya misafara, ila yeye mizigo aliwabebesha watu. Mjukuu alibeba mwenyewe, jua la saa nane likimdai fidia.

Huko Kigwa alimkuta mzee Ngollo, aliyewahi kuendesha BSA miaka ile alipokuwa katekista.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umechoka hivyo, unahama?"

Ghalibu alimpa kileja kwa heshima, akaeleza shida yake. Mzee alikigeuzageuza kileja, akapapasa ukingo wake kwa kidole gumba, akacheka kwa fizi tupu.

"Hiki kina meno mengi kuliko mimi." Akanyonya kwanza kinundu cha katikati ya kileja. "Giaboksi yangu ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Nilimpa fundi wa mjini, mwaka juzi. Alikuja hapa kuazima spana, akaondoka na spana na giaboksi."

"Fundi gani huyo mwizi?"

"Mwembamba. Mwarabu. Mdomo mwingi." Mzee akamtazama vizuri. "Kumbe hukuja kurudisha spana?"

Ghalibu aliacha vileja vyote pale, kama fidia ya spana, akaanza kurudi.

Alifika nyumbani jua likizama, miguu imevimba, kanzu ina rangi ya barabara. Hakusalimu. Alilivuta debe lake la vyuma kutoka uvunguni, akalimwaga sakafuni. Gia za mzee Ngollo zilikuwepo. Ya kwanza, hii hapa. Ya pili. Ya nne.

Akalitikisa debe. Likatoa mende.

"Msimamizi!" akapaza sauti. "Ameiba ya tatu ili zahanati ikose, auze pikipiki kwa shemeji zake. Naenda kwake sasa hivi!"

"Utakwenda na uso huo?" Zeyana aliuliza kutoka uani. Alikuwa amechuchumaa mbele ya sinia la vileja, akiviringa unga wa mchele na samli, kidonge kimoja baada ya kingine, na kukigonga chapa. "Kaa kwanza. Kula."

"Mama Humaidi, mwanamke wa watu atatembea vijiji kumi na viwili kwa miguu, wewe unaniambia kula! Gia ina meno ishirini na manne. Inakaa hapa, kiganjani. Nani anaweza kuipoteza?"

Mkono wa Zeyana ulisimama juu ya kidonge. Alimtazama mumewe, akautazama mkono wake. Kisha akaunyanyua, akapangusa kitu kwa pembe ya kanga, akakiweka juu ya mkeka. Kwenye kidonge ilibaki duara ya menomeno, na kinundu katikati.

Ghalibu alihesabu meno ya gia, ingawa hakuwa na haja. Ishirini na manne, yote mazima, yananukia iliki.

"Umeichukua bila kuniuliza!"

"Nilikuuliza, Baba Humaidi. Nilisema, hiki kina kazi gani? Ukasema hakina kazi. Nikakipa kazi."