Kumwinda Pweza

Povu jembamba lilichora mstari kaskazini ya kisiwa, na fundi miwani akajua windo lake limepanda kuvuta pumzi. Akageuza kikosi cha ndege, akashusha pua, akaachia mabomu. Bahari ya kwenye skrini ikavimba, ikapasuka. Nyambizi ikakatika vipande viwili, na jina la nahodha wake, Pweza, likafifia mpaka likapotea.

"Umemla tena," alisema Kipara, fundi mwenzake, aliyekuwa akichungulia begani kwake huku akijifuta vumbi la vioo mikononi.

Mwanamke huyo fundi miwani aliegemea kiti. Roho yake ilikuwa imetulia kwatu, kama ya mtu aliyekata kiu.

Kila Jumamosi mchana, duka likishafungwa, alibaki chumba cha nyuma, kati ya mashine ya kusagia lenzi na makasha ya fremu, akawa Mwewe, nahodha wa manowari ya kubebea ndege. Kipara ndiye aliyemfundisha mchezo, na alidhani mwenzake ameupenda kwa raha zake tu. Hakujua kwamba Pweza alikuwa na jina jingine, jina ambalo fundi miwani hakulitamka tena. Kaka.

Kaka yake huyo, wa tumbo moja, alimzika mama yao bila kumsubiri. Yeye alikuwa ng'ambo akisomea kazi, akapigiwa simu mambo yakiwa yamekwisha. Alipofika alikuta udongo mbichi na watu wanakunja maturubai. Kaka akajieleza, kwamba mama mwenyewe ndiye aliyekataza mtoto asisumbuliwe na mitihani yake, na kwamba maiti isingeweza kungoja. Dada alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kuanzia leo sina kaka," alimwambia, akabeba begi lake, akaondoka.

Simu zake hakuzipokea. Wajumbe aliwarudisha mlangoni. Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Yeye aliona heri maji.

Aliyebaki kiungo ni wifi yake, ambaye hakuwa na kosa. Siku moja, katika kumlalamikia mume kama wake wote wanavyolalamika, wifi alisema kwamba siku hizi Jumamosi za mwanamume huyo zinaishia chini ya bahari, kwenye mchezo wa kompyuta. Akataja mpaka jina analojiita na uwanja anaochezea. Fundi miwani akageuza maneno haraka, akauliza habari za watoto. Lakini alipoingia kazini alimfuata Kipara moja kwa moja.

"Ule mchezo wako wa manowari, ndani yake kuna kitu cha kuulia nyambizi?"

"Ndege," alijibu Kipara. "Nyambizi haina ujanja mbele ya ndege."

Akajifunza kwa hasira. Mwanzoni ndege zake zilianguka kama kumbikumbi, na Kipara akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha mkono ukazoea. Akaelewa kwamba nyambizi, hata iwe na hila namna gani, hewa huiishia na sharti ipande. Kazi ya mwindaji ni kuwa juu yake wakati huo. Siku alipomzamisha kaka yake kwa mara ya kwanza, alitoka akasimama barazani, akavuta pumzi ndefu. Naye aonje, alijisemea, ladha ya kufunikwa bila kuagwa.

Tangu hapo hakumkosa. Wachezaji wengine wakaanza kumdhihaki Pweza hadharani, wakimwita kitoweo cha Mwewe. Pweza hakujibu dhihaka hata moja. Fundi miwani alizisoma zote polepole, akizimung'unya kama peremende.

Wifi aliendelea kupiga simu. Kabla ya kuaga alikuwa na desturi ya kuuliza, kama mtu asiye na haja yoyote, "Na Jumamosi hii utakuwepo dukani?"

"Nitakuwepo, wifi. Niende wapi?"

Jumamosi iliyofuata Pweza alifanya jambo geni. Alizamisha manowari za watu wengine, moja baada ya nyingine, kwa ustadi uliomfanya Kipara apige mluzi. Kisha akapotea. Alipoonekana tena alikuwa chini ya meli ya Mwewe, karibu kiasi kwamba ndege zisingeweza kumgusa.

"Umekwisha," alisema Kipara. "Makombora anayo, na wewe huna pa kukimbilia."

Fundi miwani aliuma meno, akangoja mlipuko.

Haukuja. Nyambizi ilipita chini ya meli, ikatokea upande wa pili, ikaenda zake hadi mahali peupe pasipo kisiwa wala ukungu. Hapo ikapanda juu, ikazima injini.

Kipara alikuna kichwa. "Mimi simwelewi huyu bwana. Wote tunamkimbia, lakini akikuona wewe anageuka mjinga."

"Ananiogopa," alisema fundi miwani, akarusha ndege zote alizokuwa nazo.

Hakubakiza hata moja. Alimpiga, akampiga, na Pweza alipokwisha kuzama akaendelea kuyapiga maji matupu. Kipara alisogea nyuma. Hakuwahi kuuona uso ule kwa mwenzake.

Bahari ilipotulia, ujumbe uliingia pembeni mwa skrini. Ulikuwa wa kwanza kutoka kwa Pweza, na haukutumwa hadharani. Ulikuja kwake peke yake.

"Leo umelenga vizuri sana, mdogo wangu. Jumamosi ijayo nitakupandia palepale."