Nani Atamshika Mtoto?

"Usikamue! Mama, toa vidole vyako hapo!"

Kasonde alipiga meza. Namukolo, fundi wa mitambo, akapunguza sauti haraka kabla bosi wake hajawapasua masikio wasikilizaji wa Kitwe nzima.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, kipindi cha Afya ya Mtoto Nyumbani. Kasonde hakuwa daktari. Alisomea kilimo, akafeli, akaingia redioni. Lakini mtaani walimwita Daktari Pasi, kwa sababu kila msimu wa mvua alihubiri jambo lile lile: nguo ikianikwa nje, nzi anaitagia mayai, usipoipiga pasi, yai linakuwa buu na kuingia ndani ya ngozi ya mtoto. Hilo hapa kwetu kila bibi analijua. Yeye alilisema kana kwamba ndiye aliyemgundua nzi mwenyewe. Namjua mtu huyu ndani nje. Wajuaji nimewaona wengi, lakini huyu, mh, alikuwa kiboko yao.

"Kuna ujumbe tena kutoka kwa yule anayejiita Mama Fulani," Namukolo akasema, akausoma kwenye kompyuta. "'Daktari, sijakamua. Mwanangu ana buu begani, leo siku ya nne. Bega limevimba, halali, hachezi. Nguo napiga pasi zote. Nifanyeje?'"

Kasonde akakunja mikono ya shati, kana kwamba redioni wanamwona.

"Zote? Mama, ungepiga zote, buu lingetoka wapi? Soksi je? Taulo je? Mnapenda njia ya mkato ninyi!"

"Bosi, jibu swali."

"Haya. Chukua mafuta ya mgando, paka tele juu ya kitundu, uzibe kabisa. Buu linapumulia hapo. Likikosa hewa litachungulia lenyewe. Ndipo ubane ngozi pande zote mbili, taratibu, litoke zima. Usichome sindano, usikate wembe, usipake dawa ya meno. Osha kwa sabuni. Likikatikia ndani au mtoto akipata homa, mbio zahanati."

Hapo nimpe haki yake: alisema kweli tupu. Alikuwa na kurasa sita za maelezo, zimepigiwa mistari kwa wino mwekundu.

Ujumbe mwingine ukaingia. "'Mafuta nimepaka, juzi na jana. Buu linachungulia. Lakini nikigusa tu, mtoto anaruka kama kambale, nalo linarudi ndani. Hii kazi ni ya watu wawili. Nani atamshika?'"

Kasonde akacheka kile kicheko chake cha hewani, kinachoanzia tumboni. "Nani atamshika! Mama Fulani, kwani huna mume?"

Namukolo akasubiri, kisha akasoma. "'Ninaye.'"

"Mzima?"

"'Mzima. Na anakula vizuri.'" Namukolo akauma mdomo asicheke.

"Sasa! Hapa kwetu kumshika mtoto ni kazi ya baba, toka enzi za mababu! Mama anabana, baba anashika, mtoto analia, halafu anapewa karanga, yamekwisha. Mimi baba yangu alinishika hivyo hivyo. Nikamng'ata mkono, wala hakuniachia. Huyo bwana yuko wapi?"

Namukolo akasoma jibu.

"'Ana shughuli nyingi. Nikimwambia, ananipa maelezo.'"

"Maelezo?" Kasonde akasimama kabisa. "Ndio wanaume wetu hao! Mdomo mrefu, mikono mifupi! Baba Fulani, kama unanisikia, aibu yako! Mtoto anateseka siku nne, wewe unatoa maelezo? Buu likifia humo ndani, kidonda kikaoza, utamweleza nani?"

Simu zikamiminika. Bibi mmoja wa mtaa wa Wusakile akasema mume kama huyo anyimwe nshima, ugali wake, mpaka ashike adabu. Mchimba mgodi mmoja akajitolea kwenda kumshika mtoto yeye mwenyewe, aelekezwe nyumba tu. Kasonde alijiona mfalme. Kipindi hakijawahi kunoga vile.

"Mpigie huyo mama," akamwambia Namukolo. "Nataka niongee na mtoto mwenyewe, nimtulize hapa hapa hewani, watu wasikie kazi inavyofanywa."

Namukolo akaitazama ile namba. Akamtazama bosi. Akaitazama namba tena.

"Una hakika?"

"Piga, bwana, muda unakwisha!"

Simu ilipokewa mara moja. Laini ilikwaruza, kisha ikasikika pumzi ndogo, ya mtu aliyetoka kulia.

"Hujambo, shujaa," Kasonde akasema kwa sauti yake ya asali. "Bega linauma?"

"Ndiyo, baba," mtoto akajibu, kama wanavyojibu watoto wote wenye adabu.

"Pole sana, mwanangu. Hebu mwambie daktari, na Zambia nzima isikie: hilo buu umemwonyesha baba yako?"

"Si nilikuonyesha jana, baba? Ukasema nikuache kwanza, unaandika ya redio."

Namukolo akaweka wimbo bila kuniuliza mimi, bosi wake, akanirushia ufunguo wa gari lake, nami nikatoka mbio kwenda kumshika mwanangu.